Ua Guni: Kusoma Nyasi Bandia Juu ya Mfinyanzi wa Amani

Ukipiga goti juu ya kapeti la nyasi bandia, lile la bei ya juu kidogo, ukapenyeza vidole katikati ya nyuzi ndefu za kijani, utagusa nyuzi nyingine zilizojificha chini: fupi, laini, zimejisokota kama nywele za kitoto. Zitazame vizuri. Ni za kahawia, rangi ile ile ya jani la ukoka lililokauka na kulala shinani. Kiwanda kimezifuma kwa makusudi. Aliyebuni kapeti hilo aling'amua kuwa nyasi zisizo na hata jani moja lililokufa haziaminiki, basi akatia mauti kidogo, mauti ya plastiki, yasiyooza wala kuongezeka.

Kwa mhakiki, hapo ndipo pa kuanzia. Shuleni tulifundishwa kuigawa kazi ya sanaa mafungu mawili, fani na maudhui, kisha tukaonywa haraka haraka kwamba mafungu hayo hayatengani. Sijakutana na kazi inayojaribu kuyatenga kwa ujasiri kama kapeti hili. Lina urefu wa jani, lina ncha ya jani, lina mfupa katikati ya jani, lina rangi mbili tatu za kijani ili jicho lisishtuke, na sasa lina hata majani makavu. Umbo lote la nyasi limo. Mizizi, maji na kukua vimeachwa kiwandani.

Nililisoma kapeti hilo uani kwa shemeji yangu, huko Amani. Wasioijua milima hii hudhani Amani iko Lushoto, kwa kuwa kote ni Usambara. La. Lushoto iko Usambara Magharibi. Amani iko ng'ambo ya bonde la Lwengera, Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mita zipatazo 900 juu ya bahari, mahali ambapo mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Shemeji alikuwa amejenga nyumba ya kupumzikia uzeeni, na Januari ile alinikaribisha niione.

"Shem, hapa nimeshamalizana na jembe," aliniambia, akinyoosha mkono kuelekea uani.

Ua ulikuwa umechongwa kwenye mteremko, ukasawazishwa kwa jembe hilo hilo alilomalizana nalo, udongo mwekundu ukamwagiwa maji na kukanyagwa kwa miguu hadi ukawa kama sakafu. Kapeti likatandazwa juu yake na kupigiliwa misumari pembeni. Lilipendeza, sitasema uongo. Kijani kile, ukuta mweupe, msitu nyuma yake: ungeweza kupiga picha na kuituma popote.

Niliporudi mwezi Mei, masika ikiwa imekolea, ua ulikuwa godoro. Ukikanyaga hapa, maji yanafoka pale. Katikati palikuwa pamebonyea na kuwa dimbwi. Mshono wa vipande viwili ulikuwa umeachama kama mdomo, na matope mekundu yalikuwa yakipenya kutoka chini na kuzilaza zile nyuzi. Katika kijiji ambacho watafiti wa malaria walikaa miongo kadhaa wakihesabu mbu, dimbwi mlangoni si kosa dogo.

Washairi wetu wana neno kwa kazi ya namna hii. Shairi ambalo vina vyake vinaitikiana vizuri lakini mizani zimepotea, au mizani zimetimia na vina vimekwenda arijojo, huitwa guni. Mkoa huu wa Tanga ndio uliomzaa mshairi Shaaban Robert, kwa hiyo neno hilo halihitaji pasipoti kuingia Muheza. Ua wa shemeji ulikuwa guni. Vina vilikuwepo vyote, kijani kwa kijani na ncha kwa ncha. Mizani hakuna aliyezihesabu.

Na mizani za ua wa namna hii huhesabiwa chini, kwenye udongo. Kiswahili kimeupa udongo huu jina la mtu anayeufanyia kazi: udongo wa mfinyanzi. Mwanamke anayetaka kufinyanga mtungi hachoti mchanga wa mtoni. Anautafuta udongo wenye chembe ndogo mno, zinazoshikana zikilowa, zinazokubali kukandwa na kuziba. Lakini hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa makapeti hawalisemi, pengine kwa kuwa makaratasi yao yameandikwa kwa udongo wa nchi nyingine. Mfinyanzi mwekundu wa milima hii, uliotokana na miamba migumu ya kale iliyolika kwa mvua na joto kwa muda usiohesabika, una chuma ndani yake, na chuma hicho huzifunga chembe ndogo kuwa vipunje. Ukiwa haujaguswa, chini ya msitu, huyanywa maji vizuri ajabu. Ndiyo maana mvua kubwa ya Amani huzama porini bila kelele. Ukichonga mteremko, ukaumwagia maji, ukaukanyaga, unavunja vile vipunje na kuziba matundu yote. Mtungi haukuwepo pale. Shemeji ndiye aliyeufinyanga, kisha akaufunika kapeti.

(Mfinyanzi mweusi wa mbugani, ule wa tambarare, ni kesi nyingine. Huo huvimba ukilowa na kupasuka nyufa za kutosha kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Kapeti juu yake lina adui wa pili: ardhi yenyewe hupanda na kushuka.)

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuusoma ua kwa maji. Huchimba shimo, hulijaza maji, hukaa kusubiri. Maji yakibaki humo saa nyingi, anajua kwamba mbele yake pana kazi ya mawe kabla ya kazi ya kapeti. Huondoa udongo sentimita 10 hadi 15, wakati umekauka, maana mfinyanzi mbichi ukishindiliwa kwa mashine hucheza kama ugali. Hulaza ua uteremke sentimita moja au mbili kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Hutandika kitambaa kinachopitisha maji lakini kinachozuia udongo, ili mfinyanzi usipande na kumeza mawe. Juu ya kitambaa huweka kokoto, huzishindilia tabaka kwa tabaka. Juu ya kokoto, vumbi la mawe, sentimita mbili au tatu, lililonyooshwa kwa ubao mrefu hadi jicho litulie. Upande wa chini wa ua hulaza bomba lenye matundu ndani ya mtaro wa kokoto, na bomba hilo lazima litokeze mahali. Ndipo kapeti huja, na mchanga wa kulikalisha juu yake.

Pima kwa rula. Katika kazi ya sentimita 15, mgeni ataona tatu za juu, na pengine hata hizo hazifiki. Zilizobaki zote zimezikwa. Hapa fani inatupindua kichwa chini: kinachoitwa umbo, kile kijani, kiliundwa kiwandani na mtu asiyejua Amani iko wapi, na kwa kila mteja ni kile kile. Sehemu iliyotungwa kwa ajili ya ua huu, kwa mteremko huu na mvua hii, ni ile isiyoonekana. Mtunzi wa kweli ni mpanga kokoto. Shemeji alinunua vina dukani akadhani amenunua shairi.

Turudi juu kidogo, kwenye kile kinachoonekana, kwa sababu nacho kina siri zake. Nyuzi za kapeti hazisimami wima. Zimelala kidogo upande mmoja, kama manyoya ya paka. Ukisimama upande zinakolalia kichwa, unaona ncha na mwili wa jani, na kijani kimekolea. Ukizunguka upande wa pili, mwanga unateleza juu ya migongo yake na kijani kinapauka, kinang'aa ule mng'ao wa mfuko wa plastiki. Kwa hiyo mafundi hulaza nyuzi zitazame nyumba. Kapeti lina upande wa kusomwa. Limeandikwa kwa ajili ya msomaji mmoja, aliyeketi barazani na kikombe chake, na anayepita njiani amepewa mgongo. Na vipande viwili vikiunganishwa kila kimoja kimelalia kwake, hata mshono ukiwa umefungwa kwa gundi bora namna gani, ua unagawanyika rangi mbili mchana kweupe. Kwa shemeji, kipande cha kulia kilikuwa kimegeuzwa ili kuokoa mita moja ya kapeti.

Sasa, nyasi hizi zinaiga nini? Swali linaonekana la kipuuzi, lakini jibu halipo Amani. Haziigi ukoka wa njiani ambao ukitazamwa kwa karibu una vifundo, maua, mashimo ya sisimizi na kinyesi cha mbuzi. Zinaiga wazo la bustani ya nyasi iliyokatwa usawa mmoja, na wazo hilo lina historia. Katika bustani za mfalme wa Ufaransa huko Versailles, za karne ya 17, kuna ukanda mrefu wa nyasi chini ya kasri, nao tangu zamani unaitwa Tapis Vert, yaani Zulia la Kijani. Angalia mzunguko huo. Nyasi zilifananishwa na zulia kwanza. Zulia likaja kufananishwa na nyasi baadaye. Tashbihi imezunguka dunia ikarudi ilikoanzia, na njiani ikadondosha neno "kama".

Zulia lenyewe la plastiki lina tarehe ya kuzaliwa. Kampuni ya kemikali ya Monsanto ililitandika mwaka 1964 katika shule ya Moses Brown mjini Providence, Marekani. Miaka miwili baadaye likapata umaarufu Houston, Texas, ndani ya uwanja wa Astrodome uliofunguliwa 1965. Uwanja ule ulikuwa na paa la plastiki angavu, na chini yake zilioteshwa nyasi hai. Wachezaji wakalalamika kwamba mwanga wa paa unawapofusha, hawauoni mpira. Paa likapakwa rangi. Nyasi zikakosa jua, zikafa. Ndipo zikaletwa zile za plastiki, na jina AstroTurf likabaki nazo.

Kisa hicho nakichukua kwa uzito kuliko wanavyokichukua wauzaji, kwa sababu ndicho ufunguo wa umbo hili. Nyasi bandia zilikuja kuwa jibu la giza. Zilizaliwa chini ya paa, juu ya sakafu, mahali pasiponyesha, pasipo mteremko, pasipo mnyoo. Mahitaji yake yote hadi leo ni mahitaji ya kiumbe cha ndani: zinataka chini pawe sawa, pakavu, pasipoota kitu, na juu pasiwe na jua kali. Tukizitoa nje, kazi yote ya fundi, kokoto na bomba na kitambaa, ni kuujengea ua sakafu ili kapeti lijisikie bado liko ndani. Watu wetu walioamua kuziita kapeti, sio nyasi, walizisoma vizuri kuliko kiwanda.

Kuna kinaya kingine, nacho ni cha kwetu. Nyasi zinazopendwa kwenye bustani za nchi za joto, wanazoziita za Bermuda, ni jamii ya ukoka wetu, Cynodon, ukoo ulioenea Afrika. Huko Tifton, jimbo la Georgia, watafiti walipata chotara wa ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini, wakamtoa mwaka 1960 kwa jina la Tifway, aina ambayo ilivifunika viwanja vya gofu na vya mpira. Nyasi ya kikuyu nayo ilitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikaenda kufunika nyua za Australia na California. Hivyo ukoka ulisafiri, ukanyooshwa tabia, ukawa kielelezo, kielelezo kikamiminwa katika plastiki, plastiki ikapanda meli hadi Dar es Salaam, kisha lori hadi Muheza, kisha pikipiki ikapandisha kona zile hadi Amani, ikalazwa juu ya ukoka uliokuwa unaota bure.

Amani si mahali pa joto kali. Wageni hutetemeka huku mwezi wa Julai. Lakini shuka Muheza, au fika Tanga mjini mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa utosini, ndipo utaona kijani kinavyosema jambo moja na ngozi ya mguu inavyosema jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, walipima mwaka 2002: uwanja wao wa nyasi bandia ulikuwa na wastani wa nyuzi joto 47 tangu asubuhi hadi jioni, na nyasi hai za jirani wastani wa takribani 26, chini kidogo ya hewa yenyewe. Sababu si siri. Nyasi hai hutoa maji kupitia majani yake, ni kama kutoka jasho, na jasho hilo hupoza. Plastiki haina jasho. Inapokea jua na kuliweka. Rangi ya kijani kwetu ni ahadi ya ubaridi, ya kivuli, ya kulaza ubavu. Hapa ahadi hiyo inatolewa na kitu kinachoweza kumwunguza mtoto nyayo saa nane mchana. Waweza kukimwagia maji, na kitapoa kwa dakika chache; lakini aliyenunua kapeti ili asimwagilie maji, sasa anamwagilia plastiki.

Nisionekane nina ugomvi na plastiki yenyewe. Kuna mahali ambapo kazi hii imekamilika, vina na mizani. Uwanja wa Kaitaba kule Bukoba, wa Nyamagana kule Mwanza, na uwanja wa Azam kule Chamazi. Kwa uwanja unaochezewa mechi nyingi kwa wiki, ambao masika huugeuza shamba la mpunga, kapeti ni jawabu la kuheshimika, na serikali iliona hivyo iliposamehe kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2021 kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira vya majiji. Lakini nenda siku moja utazame uwanja kama huo ukijengwa. Wiki kwa wiki ni malori ya mawe. Kapeti huletwa mwishoni kabisa, na kazi yake ni ya siku chache. Hakuna mhandisi anayetandika kapeti la mpira juu ya matope yaliyokanyagwa. Ni sisi wa majumbani tunaodhani umbo linaweza kuja bila mzigo wake.

Na ua wa nyumbani, kabla ya kapeti, haukuwa ukurasa mtupu. Ulikuwa na fani yake, ya kale na ya uhakika: ua uliofagiliwa. Alfajiri, ufagio wa chelewa, mgongo umeinama, na mistari ya nusu duara inaachwa juu ya udongo, mmoja ndani ya mwingine, kuanzia mlangoni kurudi nyuma hadi njiani. Hapapiti nyoka asionekane. Nyayo za mgeni wa usiku zinasomeka. Kusini mwa Marekani pia, vizazi vya Waafrika waliopelekwa utumwani viliendelea kufagia nyua za udongo mtupu hadi karne ya 20. Ninachokipenda katika fani hiyo ni wakati. Ua uliofagiliwa una asubuhi na jioni. Kuku wanauhariri, watoto wanaufuta, kesho unatungwa upya na mkono ule ule lakini si mistari ile ile. Ukoka nao una kiangazi chake na masika yake. Huenda kahawia, hurudi. Kapeti halina wakati ila mmoja tu, uliopo, unaorudiwa hadi nyuzi zipauke na kukatika. Zile nyuzi za kahawia za chini ni jaribio la kulipa kapeti wakati uliopita. Jaribio zuri, lakini halikusogea kutoka pale lilipofumwa.

Sitaupamba ufagio kupita kiasi. Kwenye mteremko wa Usambara, ufagio ni mwizi mpole. Kila alfajiri unalegeza unga mwekundu, na mvua ya jioni inaubeba. Zunguka vijijini, Amani hadi Mlalo, utaona nyumba ambazo misingi yake imebaki juu, na ngazi ya mlango imeongezwa jiwe, kisha jiwe jingine. Hiyo nayo ni kasoro ya fani, na watu wa milima hii wanaijua. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kuhukumu utawala, ambayo mwanahistoria Steven Feierman aliyafanyia kazi katika kitabu chake cha 1990: kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Hukumu ya mtawala ilipitia ardhi. Ndiyo maana Waingereza walipoleta, baada ya vita kuu ya pili, mpango wa kuwalazimisha watu kulima matuta mteremkoni, umbo likiwa limechorwa ofisini, wakulima waligoma, na mpango ukafa katika miaka ya 1950. Walioleta nyasi za kupanda kwa mistari ya kukinga maji Lushoto, kuanzia 1981 kupitia mradi wa SECAP, walisikilizwa zaidi, kwa sababu nyasi hizo, pamoja na kushika udongo, zililiwa na ng'ombe. Ziliota mizizi na pia zilikuwa na faida jikoni.

Amani yenyewe ni mahali pa kufundishia adabu ya kuleta vitu vigeni. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na bustani ya mimea hapa mwaka 1902, wakaleta miti kutoka kila pembe. Mmoja, Maesopsis eminii wa ukanda wa maziwa makuu, ulitoka bustanini ukaingia msituni, na hadi leo wahifadhi wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa 1997, wanauhangaikia. Kiswahili nacho kimelipa neno ua kazi tatu: ua wa nyumba, ua la kunusa, na tendo la kutoa uhai. Kwa maana ya pili milima hii imeipa dunia Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau linalokaa kwenye madirisha ya Ulaya, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao likapewa jina la kisayansi 1893. Kwa maana ya tatu, nenda ukafunue kapeti lililokaa miezi mitano. Ukoka chini ya lile la shemeji ulikuwa mweupe, kama kitu kilichotolewa mapangoni. Mti mgeni angalau ulibishana na msitu. Kapeti halibishani na chochote, linafunika.

Ila msitu wenyewe ulijibu. Agosti, kwenye ile sehemu iliyokuwa na dimbwi, ukungu wa kijani wa aina inayoota juu ya mawe yenye unyevu ulikuwa umepanda juu ya nyuzi za plastiki, na katikati yake kilikuwa kimechipua kijimea chembamba, kile kinachoota kwenye kuta. Kijani halisi juu ya kijani bandia. Shemeji alikiita uchafu, akaniomba nimtafutie dawa ya kukiua.

Neno la mwisho ni la maji, na maji hayaishii kwenye ua. Mvua inayoanguka upande huu wa Amani huingia Mto Zigi, na Zigi hujaza bwawa la Mabayani, ambako mji wa Tanga hupata maji yake. Wakulima wa kando ya mito Kihuhwi na Zigi wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, kutunza ardhi ili udongo usiendelee kuteremka mtoni. Nyuzi za kapeti, zikishachoka kwa jua na kukanyagwa, hukatika vipande visivyoonekana, navyo vina mteremko ule ule wa kufuata. Umoja wa Ulaya, mwaka 2023, ulipitisha kanuni ya kuzuia chembe za plastiki zinazotiwa makusudi kwenye bidhaa, zikiwemo zile chembe za mpira zinazomwagwa viwanjani, na viwanja vikapewa miaka minane kujipanga. Kuhusu nyuzi zenyewe kanuni hiyo ilinyamaza.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kapeti la shemeji ni kazi nzuri iliyowekwa mahali pabaya. Tulikata kipande cha mita nne kwa tatu, tukakitandika barazani, juu ya saruji, chini ya bati. Hapo limekaa sawa kabisa. Nyuzi zinatazama viti, maji hayalifikii, jua halilipati. Ua tumeurudishia ukoka, tumechimba mfereji upande wa juu, na njia ya kuingilia tumeimwagia kokoto. Nawe ukienda dukani na pesa yako mkononi, usianze na rangi wala urefu wa nyuzi. Mwulize muuzaji maji ya ua wako yatatokea wapi. Akikuonyesha kapeti badala ya kukujibu, pima baraza, nunua la baraza, na uani usipeleke.